Mwaka Niliokonda

Konsolata aliposhuka kwenye teksi mbele ya lango letu hapa Kagarama, baada ya miaka zaidi ya thelathini bila kuonana, hakunisalimu. Aliweka begi lake chini, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala, akasema, "Mana yanjye, Dativa! Umekonda!" Halafu kicheko kikatutoka kwa pamoja, kile cha kushikilia ukuta, mpaka mume wangu Anastase akatoka ndani na kiatu mguu mmoja akidhani kuna mtu kaanguka. Kwa wengine neno hilo lingekuwa salamu tu ya watu waliozeeka mbali na macho ya wenzao. Lakini sisi watatu tunajua kwamba katika Kigali ya mwaka wa tisini na moja neno hilo hilo nusura linikoseshe mume.

Ni kweli nimekonda. Ugonjwa wa sukari, ukisaidiwa na umri, umenipunguza kidogo kidogo tangu mwaka juzi, na ngozi iliyokuwa imejaa sasa inaning'inia mikononi kama nguo ya kuazima. Tangu hapo nimeshika tabia ya kufunga pazia la chumbani kabla ya kubadili nguo, asubuhi na jioni, hata kama aliyemo ni Anastase peke yake. Jambo hilo sikulitaja pale langoni. Nilimshika Konsolata mkono, nikamwingiza jikoni, tukakaa kumenya ndizi, naye akaanza na "unakumbuka" moja baada ya nyingine, nami nikajikuta nimerudi mtaa wa Muhima, kwenye kile chumba cha nyuma ya duka la Shangazi Melania.

Chumba kile kilikuwa na kitanda kimoja tulichogawana mimi na Konsolata, dirisha dogo lililotazama bonde la Nyabugogo, na marobota ya vitenge yaliyopangwa hadi darini kwa sababu stoo ilikuwa imejaa. Tulilala ndani ya harufu ya vitenge vipya, ile ya wanga na rangi, ikichanganyika na mafuta ya taa na sombe, majani ya muhogo, yaliyokuwa yakipondwa uani. Shangazi, dada wa baba yangu, alikuwa amefanya biashara Bukavu miaka mingi kabla ya kufungua duka Kigali, na ndiyo maana kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kuuzia, ya kugombania na ya kusengenyea. Kinyarwanda kilibaki lugha ya kanisani na ya kuposa. Barazani walikaa mafundi wawili na cherehani zao. Konsolata aliuza nyuzi na vifungo, na alikuwa mwembamba kiasi kwamba Shangazi alimkataza kusimama mlangoni upepo ukivuma. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvaa.

Naam, kuvaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa mnene. Sisemi nilikuwa nimejaa kidogo, wala kwamba nilikuwa na umbo la mama wa nyumba, kama wanavyosema watu wenye huruma. Nilikuwa mnene wa kupita kiubavu kwenye njia ya katikati ya rafu. Mteja akija hajui achague nini, Shangazi aliita, "Dativa! Kuja hapa, simama." Alinizungushia kitenge kimoja kiunoni, kingine begani, akarudi nyuma hatua mbili. "Muone, mama. Kitenge kwa rafu iko nalala. Kitenge kwa Dativa iko natembea." Wateja walinifinya mkono, walinigeuza, walinisifu, wakanunua. Sikuwa msichana aliyeonewa kwa sababu ya mwili wake, msije mkanihurumia bure. Ila nilijua kwamba sifa zile zote nilipewa nikiwa nimevaa. Kilichokuwa chini ya kitenge hakuna aliyekiona wala kukitaja, na mimi mwenyewe nilioga nikitazama ukuta.

Anastase alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Alikuwa mwembamba, ana masikio makubwa, na vidole vilivyoingia mafuta ya mashine yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Cherehani moja ya pale barazani iliharibika mno mwaka ule. Wiki hii mkanda umelegea, wiki ijayo sindano inagonga, na kila mara aliitwa, akapiga magoti chini ya meza ya mashine, akawa anachungulia dukani zaidi kuliko alivyotazama kazi yake. Mwisho alimtuma mshenga, yule tunayemwita umuranga, mzee mmoja wa maneno laini, na wazazi wa Anastase kule Gahanga wakakubali kutoa ng'ombe. Harusi ikapangwa mwezi wa nane, kiangazi, barabara zikiwa kavu. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka uliotangulia, palikuwa na vizuizi barabarani, na mengi yalisemwa kwa sauti ndogo. Watu waliendelea kuoana, tena kwa haraka kuliko zamani.

Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, nikivua kitenge cha kuonyesha, na wateja wawili wakadhani nimeshatoka kwa mlango wa uani. "Ndiye huyu anaolewa na kijana wa cherehani?" akauliza mmoja. "Ndiye." "Yesu! Ile siku ya kwanza, yule kijana ataponea wapi?" Wakacheka, na hata mimi nilikaribia kucheka nao, maana utani wa namna ile nilikuwa nimeshauzoea. Kisha yule wa pili akasema kwa upole kabisa, sauti ya mtu anayenitakia mema, "Labda watazima taa." Hilo ndilo lililonichoma. Mzaha ningeusahau kabla ya chakula cha jioni, lakini huruma ile ilikwenda moja kwa moja mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika bila kumwambia mtu. Nilikuwa nimekwishaamua kwamba taa itazimwa. Sasa nikaamua kwamba hata gizani kuwe na kidogo zaidi cha kupapasa.

Konsolata alikuwa na jarida la Kifaransa, limechanika jalada, ambamo mwanamke mmoja wa Ulaya alikunywa maji ya moto na ndimu asubuhi, akala kabichi mchana, na jioni akala uamuzi wake mwenyewe. Nikamfuata mwanamke huyo. Tatizo lilikuwa chakula cha jioni, kwa sababu Shangazi alipakua mwenyewe na alipenda kutazama watu wakila. Tulikaa mkekani uani, tukila maharage na ndizi, au sombe yenye karanga, au samaki wadogo wa Kivu waliokaangwa wakakauka, na Shangazi akigeuka kujibu mtu mlangoni mimi nilisukuma sahani yangu kwa Konsolata, naye akala haraka haraka akiwa ameinamisha kichwa. Alifanya hivyo kwa urafiki, asema mpaka leo. Ndani ya miezi mitatu sketi zake zilianza kukataa kufunga, na Shangazi akamwangalia kwa furaha akisema kwamba hatimaye Muhima imemkubali.

Mwanzoni nilijisikia mshindi. Nilipita katikati ya rafu nikitazama mbele. Niliota chakula, nilikasirikia watu bila sababu, nilipumzika njiani nikipanda kilima, lakini kila asubuhi nilivuta kamba ya sketi na kamba ikaja. Kisha vitenge vikaanza kubaki begani mwangu bila kununuliwa. Wateja walinigeuza kama kawaida, halafu wakaniachia. "Umekonda, dada," walisema, na hawakusema kwa kunipongeza. Walisema wakitazama pembeni. Mimi niliyekuwa nimejifunza kukonda kutoka Ulaya nilikuwa nimesahau niko wapi. Katika Kigali ya miaka ile kila mtaa ulikuwa na nyumba ambayo mtu alianza kukonda, akapungua, akafungiwa ndani, na siku moja viti vya kukodi vikapangwa nje. Ukimwi haukutajwa kwa jina. Ulitajwa kwa neno hilo moja. Mama aliyetuuzia chai barazani akaanza kunipa kikombe changu peke yangu, chenye ufa, na hakukichanganya na vingine. Nilikiona, nikadhani vingine havitoshi.

Mama yake Anastase alikuja kutoka Gahanga siku ya Jumamosi, amebeba maziwa kwenye chombo cha mti chenye mfuniko wa kusuka. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye maneno machache, na aliyasema yote kwa Kinyarwanda. Mara ya kwanza aliponiona, wakati wa kuposa, alinishika mabega yote mawili, akamwambia mwanawe kwamba ametazama vizuri. Safari hii alinishika bega moja tu, akaliachia. Alikaa, akamaliza chai yake, akauliza habari za watu wote isipokuwa za kwangu, akaondoka mapema akisema anaogopa kuchelewa kwenye kizuizi cha barabarani. Siku chache baadaye akaja yule mzee wa maneno laini. Alizunguka sana, akaisifu mvua, akaisifu nyumba, kisha akasema kwamba kwa bahati mbaya ng'ombe ana mimba changa na hafai kutembezwa, kwa hiyo wazee wanaona mambo yangoje kidogo. Kwetu hakuna anayesema hapana katika mambo ya ndoa. Wanamtuma ng'ombe akaseme. Shangazi alimsindikiza kwa heshima mpaka barabarani. Aliporudi alikuwa anatweta. "Mimba gani? Si ndiye huyo tulikunywa maziwa yake Jumamosi? Alipata mimba jana jioni?"

Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akanivuta chumbani, akanikalisha juu ya robota.

"Dativa. Mimi iko shangazi yako. Hakuna mutu mwingine anaweza kukuuliza hii. Weye iko na ile ugonjwa?"

"Hapana, Shangazi."

"Ulilala na mwanaume?"

"Hapana!"

"Basi iko nini inakula ile mwili?"

"Hakuna kinachoula," nikasema. "Mimi ndiye sili."

"Kwa nyumba yangu? Chakula yangu? Kwa sababu gani?"

Hapo ndipo nilipolia. Nilimwambia yote: wale wateja wawili, taa, jarida, ndimu, sahani zilizokwenda kwa Konsolata. Nilimwambia kwamba nataka kuolewa na Anastase kuliko ninavyotaka kitu chochote, na kwamba sitaki anione. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, akajifuta machozi, na papo hapo akakasirika. "Ng'ombe muzima! Tunapoteza ng'ombe muzima, na mukwe muzuri, kwa sababu ya ndimu!" Akakaa kando yangu, robota likazama. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akanishika mkono, akauweka juu ya tumbo lake. Lilikuwa kubwa, la joto, lenye michirizi iliyofifia, limelalia mapaja yake bila wasiwasi wowote. "Hii tumbo ilipendwa," akasema. "Bwana yangu, Mungu amuweke pema, hakuzima taa hata siku moja. Mafuta ya taa ilikuwa inaisha, anaenda kununua ingine."

Alinifundisha mchana ule mambo ambayo shangazi wa kwetu hufundisha, na mengine ambayo nadhani aliyagundua mwenyewe. Alisema mwili mkubwa unataka vitu vitatu: nafasi, muda na maneno. Nafasi, maana yake usijibane ukutani kama mgeni kwenye kitanda chako. Geuka, tafuta upande wako, weka mto chini ya kiuno, wa pili chini ya goti, tumbo lipate pa kukaa nawe upate kupumua. Muda, kwa sababu mtu anayejificha huharakisha yaishe. Maneno ndiyo magumu, alisema, kwa sababu wasichana wanadhani mwanamume atajua mwenyewe. "Atajua wapi? Sema: hapa. Sema: hapana hapo. Sema: rudia." Akaniambia kwamba huku kwetu mwanamume akimwacha mkewe bila furaha, aibu ni ya mwanamume, na wanaume wanalijua hilo tangu ujana wao. "Sasa weye unamunyima hata nafasi ya kujaribu. Mficha uchi hazai, Dativa. Mimi nimekuambia ya kwangu. Yeye utamwambia mwenyewe."

Anastase alikuja kesho yake bila mfuko wake wa vifaa. Shangazi alimwelekeza chumbani, akaacha mlango wazi kwa ajili ya heshima, akaenda kupanga vitenge vilivyokuwa vimeshapangwa. Anastase alikaa juu ya robota akiwa ameunganisha mikono. "Sikumutuma mimi yule muzee," alisema. "Mama anaogopa. Mimi pia naogopa, siwezi kukudanganya. Lakini nimefikiria siku zote hizi. Kama iko mugonjwa, tutaoana hivyo hivyo. Daktari atatuambia namna ya kuishi. Nitakupikia. Najua kupika." Sikuwahi kupendwa namna ile kabla ya hapo, na sikuwahi kuwa na njaa namna ile, na vyote viwili vilinijia kwa mpigo mmoja.

"Siumwi, Anastase," nikasema. "Nina njaa."

"Njaa?"

"Tangu Pasaka."

Nikamwambia na yeye. Ilikuwa ngumu kuliko kumwambia Shangazi, kwa sababu Shangazi hakuwa na sababu ya kunikimbia. Nilimwambia kwamba ninauonea haya mwili wangu, kwamba nilitaka siku ile akute kitu kidogo zaidi, na kwamba hata hivyo nilipanga kuzima taa. Hakucheka. Alikuna sikio, akatazama sakafu, akasema, "Ile mashine ya barazani haikuharibika."

"Iliharibika kila wiki."

"Mimi ndiye nilikuwa nalegeza. Kila nikimaliza kutengeneza, nalegeza kitu kimoja kidogo, waniite tena. Sasa unafikiri nilikuwa nakuja kuona nini, Dativa? Nyuzi? Nilikuwa nakuja kuona weye unapita katikati ya zile rafu."

Kutoka barazani, kupitia duka na ule mlango ulioachwa wazi, sauti ya fundi ikapaa: "Kumbe ni weye!" Na sote tukacheka, hata Shangazi, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango kuliko nilivyodhani. Kabla hajaondoka Anastase alisema jambo moja zaidi: twende tupimwe damu wote wawili, kwa sababu hata yeye hajawahi kujua ya kwake, na ni vizuri tuanze tukijuana. Tulikwenda. Tulingoja majibu kwa wiki kadhaa, tukiwa na hofu na tukijifanya hatuna, na yalipokuja yalikuwa mema kwa wote wawili.

Ila majibu ya damu hayapiti mtaani yakijitangaza, na lisemwalo lipo. Kwa hiyo Shangazi aliamua kwamba nitanenepa hadharani. Kila mchana alitoa kiti, akakiweka barazani katikati ya cherehani mbili, akanikalisha, akanipa sahani. Barabara yote ya kushukia Nyabugogo ilipita mbele yangu: wachuuzi, makarani, masista, wabeba mizigo. Nilikula ndizi zilizopikwa na nyama, nilikula viazi, nilikula nyama ya kuchoma kwenye kijiti ambayo Anastase alileta imefungwa kwenye karatasi. Mwanzoni niliinamisha kichwa kwa haya. Baada ya siku chache nikaanza kuwasalimu watu mdomo ukiwa umejaa. Mafundi walitoa maoni yao juu ya mashavu yangu. Yule mama wa chai alinitazama wiki nzima, halafu asubuhi moja akaniletea chai kwenye kikombe kisicho na ufa, akasimama mpaka nikamaliza. Aliyehuzunika ni Konsolata peke yake, aliyekuwa amebaki na sahani moja.

Mama mkwe alitokea bila taarifa. Niliinua macho kutoka kwenye sahani nikamkuta amesimama barabarani, chombo chake cha maziwa kichwani. Shangazi alimletea kiti bila kusema kitu. Akakaa mbele yangu, uso kwa uso, akanitazama nikila. Alitazama sahani ya kwanza mpaka ikaisha. Shangazi akapakua ya pili, naye akaitazama hiyo pia. Kisha akafunua maziwa, akanimiminia, akangoja, na nilipofuta mdomo akamgeukia Shangazi akasema kwa Kinyarwanda, taratibu kabisa, "Yule ng'ombe sasa anaweza kutembea."

Gauni langu la kanisani lilikuwa limebanwa wakati wa ndimu, na fundi alilifungua mishono akilalamika mpaka siku ya mwisho. Kwenye msafara wa kupeleka vyombo vya bibi harusi Gahanga, Shangazi alikuwa ameongeza mito mikubwa, migumu, aliyoishona mwenyewe, na wasichana waliibeba vichwani mbele ya macho ya ukoo mzima. Mama mkwe aliiangalia ikiingia mmoja baada ya mwingine. "Bibi harusi ana vichwa vingapi?" akauliza. Shangazi akajibu, "Kimoja, mama, lakini ana shangazi." Wanawake wakubwa walielewa kwanza. Kicheko kilizunguka ua wote kabla wanaume hawajajua kinahusu nini.

Na ile taa niliyoipangia nusu mwaka? Hatukuiwasha. Wageni walichelewa kwenye vizuizi, hotuba zikachelewa, ngoma ikachelewa, na tulipoingia kwenye kile chumba kipya cha matofali ya udongo tulikuwa tumechoka kiasi kwamba nililala na umushanana, vazi langu la sherehe, begani, naye akalala na soksi. Nilipoamka ilikuwa asubuhi. Anastase alikuwa amefungua dirisha la mbao, na jua la kiangazi lilikuwa limejaa chumbani, likiwa juu ya mito, juu ya miguu yangu, juu ya kila kitu.

"Funga dirisha," nikasema.

"Kwa nini?"

"Utaniona."

"Sasa kwa nini nimelifungua?"

Nje kuku walikuwa wakipekua majani ya migomba na mtu fulani alikuwa akiosha sufuria za jana. Nilifungua nguo mwenyewe. Nilitaka iwe mimi. Alinitazama kwa makini bila haraka, mpaka nikashindwa kuvumilia nikaanza kucheka, naye akaweka kichwa chake, masikio yale yote, juu ya tumbo langu, akabaki hapo. Sitasema kwamba mambo yalikwenda kwa urembo. Kiwiko kiligonga ukuta, mto mmoja ulianguka, mguu wangu ulikufa ganzi. Lakini nilisema hapa, na nikasema hapana hapo, na nilipopata ujasiri nikasema rudia. Nilikuwa nimeishi ndani ya mwili ule miaka ishirini na minne nikijua namna ya kuuvalisha tu, na asubuhi ile nilijua kwamba una furaha yake, nyingi, na kwamba hata yale mapaja niliyoyanyima chakula yalikuwa yanaingoja. Kwa desturi nilikaa ndani siku zile zote, nikinywa maziwa, bila kuruhusiwa kushika jembe wala ufagio, na siku ya gutwikurura, wanapokuja kumfunua bibi harusi, nilitoka nimepita hata unene wangu wa zamani. Mama mkwe alinishika mabega yote mawili.

Miaka iliyofuata nimeisimulia mahali pa kuisimulia, na si hapa. Shangazi Melania hakuuona mwaka wa tisini na tano. Bado naumia nikiliandika hilo. Konsolata aliondoka nchini na tukapoteana mpaka watoto wetu walipotukutanisha kwa simu. Siku hizi yeye ndiye mnene, wa kujaza kiti na kukilalamisha, na anasema kosa ni langu, ni zile sahani. Tulipokula ndizi zetu hapa Kagarama mimi niliishia katikati, siku hizi naishia katikati, naye akavuta sahani yangu bila kuuliza.

"Na ninyi wawili," akasema akitafuna, akielekeza kidevu nje, Anastase alikokuwa akimwagilia dodo, mchicha wa huku, "bado?"

"Bado nini?"

"Usinifanye mutoto, sha."

Nikamwambia habari ya pazia. Nilimwambia kwamba zamani niliona haya kwa sababu nilikuwa nimezidi, na sasa ninaona haya kwa sababu nimepungua, na kwamba ule mwili niliotaka kuukimbia sasa ninaulilia. Aliacha kutafuna, jambo ambalo si la kawaida kwake.

"Mficha uchi hazai," akasema.

"Nizae nini, Konsolata, na miaka hii?"

"Uzae usingizi mzuri."

Asubuhi nilitoka kuoga nimejifunga kitenge kifuani. Konsolata alikuwa akikoroma upande wa pili wa ukuta. Jua lilikuwa limefika miguuni mwa kitanda, na Anastase alikuwa amelala chali, macho wazi, akinisikiliza nikitembea kama afanyavyo kila siku. Mkono wangu ulikuwa umeshashika pazia. Nikiri kwamba niliogopa kuliko nilivyoogopa Gahanga, kwa sababu Gahanga nilikuwa na ujana wa kunitetea. Kisha nikaliachia. Nikafungua fundo, kitenge kikaanguka miguuni.

"Anastase," nikasema. "Tazama."

"Ngoja," akasema, mkono wake ukipapasa kwenye meza ya kando ya kitanda. "Ngoja kwanza nivae miwani."